Ncha ya Skrubu na Unene wa Chuma

Banda la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, likiezuliwa na upepo wa mvua za kwanza, lawama huliangukia bati: geji mbovu, mabati ya siku hizi ni karatasi. Nilipopanda ngazi pale Didia, Shinyanga, bati lilikuwa zima. Zilizoachia ni skrubu, tena za upande mmoja tu.

Kwenye papi za skwea paipu ya milimita 2 zote zilikuwa zimeshika. Kwenye boriti ya mbele, engo ya chuma laini ya milimita 6, nyingine zilisimama mshazari na nyingine zilikatika shingo. Fundi alinunua boksi moja la skrubu za bati akapiga kote.

Ishike skrubu hiyo uitazame. Chini ina ncha iliyochongwa kama keekee, yenye vijifereji vya kutolea chenga. Meno huanza juu yake. Ncha inatoboa, meno yanashika, na ni lazima ncha imalize unene wote kabla jino la kwanza halijauma. Meno yakiwahi, yanataka kwenda kwa mwendo wao. Skrubu ya kawaida ya namba 12 ina meno 14 kwa inchi, yaani kila mzunguko inajivuta milimita 1.8. Hakuna ncha inayokula chuma kwa kasi hiyo. Skrubu inakwama, drili inaendelea kuzungusha, shingo inakatika. Fundi mwingine huongeza kasi na kukandamiza. Ncha inaungua, inageuka bluu, na kuanzia hapo anasugua tu. Ndipo utasikia kwamba skrubu ni feki. Huenda, lakini pale Didia hazikuwa feki, kwa sababu zilezile zilishika papi vizuri.

Ncha zina namba zake. Kwa skrubu hiyo ya namba 12, ncha namba 3 humaliza chuma cha milimita 5 hivi, bati likiwa limehesabiwa humo humo. Namba 5 ni ndefu, inafika milimita 12, na meno yake yamesongamana, 24 kwa inchi, maana chuma kinene kina nafasi ya kushikwa na meno mengi. Za mbao ni ukoo mwingine kabisa: ncha ya sindano, meno yaliyoachana.

Namba 5 hatukuipata. Tukatoboa engo kwa keekee ya milimita 7 na kupitisha bolti za M6, washa ya chuma ikikaa juu ya washa ya mpira. Mwenye banda alinung'unikia muda, nami nilimwelewa: karasha lisiposaga halilipi.

Kukaza nako kuna kipimo. Mpira ukichungulia kidogo tu pembeni mwa kofia yake, acha. Ukiendelea, mpira unapasuka, bati linabonyea, na maji yanatuama palepale penye tundu. Tena bati halitulii. La mita 6 hurefuka karibu milimita 3 joto lake likipanda nyuzi 40, na jua la Shinyanga halioni shida kulifikisha huko kutoka baridi ya alfajiri. Kila siku skrubu inasukumwa huku na kule.

Kosa la pili lilikuwa chini, na nilikaribia kuondoka bila kuliona. Nguzo ya mbele ilichomelewa kwenye fremu ya karasha, kwa hiyo mashine ikisaga, paa nalo linacheza. Mwaka 1969 Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa mashine ya majaribio kwamba kinacholegeza nati zaidi ni mtikisiko wa kwenda ubavuni, na hicho ndicho karasha hufanya kutwa. Washa ya springi, ambayo mafundi wetu huiamini kama hirizi, peke yake haiuzuii. Tuliikata nguzo na kuisimamisha kwenye zege lake. Kwenye fremu tukaweka bolti zenye 8.8 kichwani, nati ya nailoni, na mstari wa rangi kutoka nati hadi chuma, ili mstari ukivunjika mwendeshaji ajue nati imezunguka.

Ukienda dukani, beba kipande cha chuma chako. Kiweke kando ya ncha ya skrubu, pamoja na bati. Ncha ikiwa fupi kuliko unene huo, rudisha boksi.