Ratili 60: Jeshi la Ziwa na Njia ya Tabora

Jeshi la Ziwa la Waingereza, chini ya Jemadari Charles Crewe, lilipoitwaa Mwanza tarehe 14 Julai, 1916, lilikuwa limeletwa na marikebu za Ziwa Viktoria zilizochukua askari, mizinga na masurufu. Na wepesi huo, kwa rai yangu, ndio uliowahadaa wakubwa wake wakadhani kwamba hata Tabora, makao ya Jemadari Wahle wa Wajerumani penye reli ya kati, ingepatikana kwa tadbiri ile ile.

Kutoka Mwanza hadi Shinyanga ni maili 100 na ushei, na mpagazi aliyejitwika aghalabu hazidishi maili 10 kwa siku. Tuseme amebeba ratili 60 za unga, naye hula ratili 2 kila siku: siku 10 za kwenda na 10 za kurudi zitakuwa zimekula ratili 40, zikabaki 20 tu za askari aliyemtangulia. Mpeleke Tabora, maili zaidi ya 200, na mzigo wote hautamtosha hata yeye peke yake, kwenda na kurudi. Kwa hiyo jeshi halikuwa na budi kula mtama na uwele wa Wasukuma, katika njia ambayo adui alikuwa amekwisha kuipita akila.

Ng'ombe je? Usukuma haukupungukiwa nao, lakini pori la kusini lilikuwa la mbung'o, naye fahali aliyefungwa gari hakudumu humo. Si bure kwamba baada ya vita Bwana Swynnerton aliweka utafiti wa mbung'o pale pale Shinyanga.

Fauka ya hayo, kulikuwa ni kiangazi. Mbuga za udongo mweusi hupasuka hata mguu ukazama, na mto kama Manonga huwa mchanga mtupu, ambao ajuaye huufukua kwa mikono, akangoja maji yachuruzike taratibu, akayateka kwa kata mpaka kibuyu kijae. Kwa nyumba moja yatosha. Kwa kikosi kizima ni kukesha, ndipo mwendo wa jeshi ukawa ni mwendo wa kisima.

Ajabu ni kwamba Waingereza hao hao walikuwa wamekwisha kuwaahidi Wabelgiji, washirika wao waliokuwa wakiiendea Tabora kutoka magharibi, wapagazi 5,000 wa Uganda, ilhali Crewe mwenyewe alilemazwa na uhaba wa wapagazi. Wabelgiji nao hawakusalimika: kamanda wao Molitor, aliyekuwa amefika ziwani Nyamirembe, upande wa Geita, alikawizwa na uhaba ule ule. Olsen, kamanda wao mwingine, ndiye aliyekuwa na nafuu, kwani aliifuata reli kutoka Kigoma. Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Crewe akaifikia reli, mashariki ya mji, yapata juma moja baadaye, naye Wahle alikuwa amekwisha kushika njia ya Iringa.