Simba Asiye na Sungura: Vikale katika Filamu ya The Lion King

Wahakiki wengi wamekwisha kuonyesha kwamba filamu ya katuni The Lion King, iliyotolewa na Disney mwaka 1994, inafanana na kisa cha Hamlet: mfalme anauawa na nduguye, na mwanawe anadaiwa kisasi. Vikale, yaani sura za wahusika zijirudiazo katika fasihi za mataifa mengi, vimo tele: mrithi aliye uhamishoni, ami msaliti, mzee mwenye hekima, mzuka wa baba.

Linalotuhusu sisi hasa ni majina. Simba, Rafiki, Pumbaa na Shenzi yametoka katika Kiswahili. Je, na fikra zimetoka huko? Katika ngano zetu nyingi Simba ana nguvu bali hana akili. Sungura humhadaa, na wanyonge wasikilizao hufarijika. Katika filamu hii Sungura hayumo. Timon na Pumbaa huchekesha, lakini hawauhoji ufalme. Scar atawalapo pamoja na fisi, nchi hukauka. Mrithi arejeapo, mvua hunyesha. Hivyo haki ya kutawala kwa kuzaliwa imefanywa kuwa kanuni ya maumbile, na mmoja wa fisi waliotengwa amepewa jina la Shenzi.

Hatusemi watoto wasiitazame. Tunalosema ni kwamba kikale hubeba itikadi ya jamii inayokitumia. Kwa hiyo mwalimu wa fasihi aisomeshe filamu hii sambamba na ngano za Sungura, ili mwanafunzi apime mwenyewe ni Simba yupi anayesimuliwa, na kwa faida ya nani.