Mto Uliozaa Jina la Lugha

Mto Sabaki humwaga maji yake mekundu baharini, kaskazini ya Malindi. Wanaisimu wameazima jina lake kuliita kundi zima la lugha: Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro. Mwaka 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha kitabu kinene juu ya undugu wa lugha hizo. Ni kazi ya subira, sauti kwa sauti. Sisi Waswahili twasema tatu, Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda, husema hahu. Sisi maji, yeye madzi. Tulidhani jirani anakosea (aibu yetu!), kumbe sauti hubadilika kwa kanuni. Tena Kigiriama kimetunza toni ambazo Kiswahili kimezipoteza. Hongera kwa Wagiriama. Nawe ukivuka daraja la Sabaki, mwombe bibi wa Kigiriama akuhesabie mpaka kumi.