Ufundi wa Kugawanya Mara Nane

Andika tarakimu 1 mara saba: 1,111,111. Je, hiyo ni namba tasa? Asiyeujua ufundi ataanza na 2, aende 3, 5, 7, 11, akijaribu tasa moja baada ya nyingine. Jibu atalipata akigawanya kwa mara ya 52. Fundi atalipata kwa mara ya nane.

Kwanza, fundi hutazama urefu. Safu ya tarakimu sita hukatika vipande viwili vinavyolingana, ndiyo maana 111,111 ni 111 mara 1,001. Urefu ukigawanyika, namba yenyewe nayo hugawanyika. Kwa hiyo urefu wenyewe lazima uwe tasa, na kwa sharti hilo moja safu nyingi zinaanguka kabla kalamu haijagusa karatasi.

Saba ni tasa, basi kazi inaendelea. Chukua tasa yoyote inayoigawanya safu yetu. Ukianza na 1, ukawa unazidisha kwa 10 na kutunza baki tu, baki hurudi kuwa 1 kila baada ya hatua saba. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alitambua kwamba baki hizo lazima pia zirudi kwenye 1 baada ya hatua ambazo ni pungufu ya tasa hiyo kwa moja. Kwa hiyo tasa hiyo ukiipunguza 1 itagawanyika kwa 7, na kwa kuwa ni shufwa, itagawanyika kwa 14. Zinazobaki ni 29, 43, 71, 113, 127, 197, 211, 239. Hiyo ya nane ndiyo: 239 mara 4,649.

Ninachokienzi hapa ni akili inayoutangulia mkono. Na kuna uadilifu pia. Urefu wa 2, 19 na 23 hutoa namba tasa. Kisha hakuna mpaka 317, aliyoithibitisha Hugh Williams katika miaka ya 1970, halafu 1,031. Mwaka 1999 Harvey Dubner aliona kwamba safu ya tarakimu 49,081 inafaulu majaribio ambayo namba isiyo tasa ni nadra mno kuyapita. Hata hivyo wanahisabati waliendelea kuiita tasa ya kukisiwa tu, mpaka uthibitisho kamili ulipopatikana mwaka 2022. Ushahidi mzito hawakuuhesabu kuwa uthibitisho, na heshima yote ya kazi hii imesimama hapo.

Mwenye penseli na aijaribu safu ya tarakimu 13. Mara mbili ya 13 ni 26. Ongeza 1 upate 27, ambayo si tasa. Ongeza 26 tena: 53. Gawanya. Hakuna kitakachobaki.