Walipenda Miguu, Wakamsahau Mtu

Zamani sinema ilifika misioni mara chache. Ilionyeshwa usiku juu ya kitambaa cheupe, watu wameketi chini. Leo kijana wa Kiwanja huibeba katika simu yake. Wengi wamekwisha kuona kipande kimoja cha zamani: wanaume wawili weusi, wenye makoti marefu ya sherehe na tai, wanashuka ngazi kubwa kwa kurukana, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake. Kila wakitua, miguu hutanuka kabisa, mmoja mbele na mwingine nyuma. Halafu huinuka wima bila kutia mkono chini. Vijana hushangaa, husema hawa hawana mifupa, humpelekea rafiki, basi. Ni wachache wanaouliza: watu hawa ni akina nani, nao walitendewa nini kwa kazi yao? Maswali hayo yafaa yajibiwe, maana yanatuhusu hata sisi.

NDUGU WAWILI

Hao ni Fayard na Harold Nicholas, watu wa Marekani. Fayard alizaliwa mwaka 1914, Harold mwaka 1921. Wazazi wao walikuwa wapiga muziki katika nyumba ya michezo mjini Philadelphia: baba kwenye ngoma, mama kwenye piano. Fayard hakufundishwa na mwalimu ye yote. Aliketi akawatazama wakubwa wakicheza jukwaani, akarudi nyumbani akajaribu, kisha akamfundisha mdogo wake. Mchezo wao ni ule wa kugonga sakafu kwa viatu vilivyotiwa vipande vya chuma chini, mbele na kisiginoni, hata miguu yenyewe hulia kama ngoma.

Mwaka 1932 walianza kucheza katika Cotton Club, nyumba maarufu ya Harlem, New York. Harold alikuwa na miaka 11. Wachezaji wa nyumba ile walikuwa weusi, lakini wageni waliokaribishwa mezani walikuwa wazungu. Mwaka uleule sinema ikaanza kuwaita.

MAPIGO YALIYOHAMIA MIGUUNI

Sisi Wakongomani tuna sababu ya pekee ya kuusikiliza mlio wa viatu vile. Siku ya Mungu, tarehe 9 Septemba 1739, watumwa wa Carolina ya Kusini, karibu na mto Stono, waliasi. Walishika njia kwa bendera na ngoma, wakitaka kufika Florida, iliyokuwa chini ya mfalme Mkatoliki wa Hispania, ambako waliahidiwa uhuru. Mwanahistoria John Thornton ametoa sababu nzito za kuamini kwamba wengi wao walitoka katika ufalme wa Kongo, ambao mfalme wake alibatizwa mwaka 1491, na kwamba walikuwa Wakatoliki. Damu ilimwagika pande zote mbili, na uasi ukazimwa. Mwaka 1740 sheria ya nchi ile ikawakataza watumwa kupiga ngoma.

Lakini nani awezaye kukataza mapigo ya moyo? Ngoma iliponyang'anywa, mapigo yalikaa katika makofi, mapajani na miguuni. Baadaye yakachanganyika na michezo ya viatu ya watu wa Ireland na Uingereza. Katika mchanganyiko huo ulizaliwa mchezo wa ndugu Nicholas. Basi mtoto wa Kiwanja anayewatazama hatazami kitu kigeni kabisa.

UBORA WA KAZI YAO

Kipande kile cha ngazi kimo katika sinema Stormy Weather, ya mwaka 1943. Bwana Cab Calloway anaimba na bendi yake; ndugu wawili wanatokea, wanaruka katikati ya wapiga muziki, wanapanda juu ya piano, wanafika kwenye ngazi. Fayard alisimulia kwamba ngazi ile ilipigwa picha mara moja tu, bila kuifanyia mazoezi kwanza. Fred Astaire, mchezaji mzungu aliyejulikana kuliko wote, aliwaambia kwamba hajaona mchezo wa sinema ulio bora kuliko huo.

Mimi naona ubora wao si katika kuruka. Itazameni tena sinema, mara hii mkiacha ngazi, mkaitazama mikono ya Fayard. Mikono ile inasema pamoja na miguu, kama mtu anayeeleza jambo kwa upole. Mtazameni Harold: hakuna pigo linalokuja kabla ya wakati wala baada yake. Hata katika jambo gumu kabisa nyuso zao zina utulivu. Hiyo ndiyo adabu ya mwili, nayo haipatikani bila miaka mingi ya kujinyima.

Tena walivaa kwa heshima. Siku zile sinema ilimzoea mtu mweusi katika nguo za mtumishi. Bill Robinson, aliyekuwa mkubwa wa mchezo huu kabla yao, alicheza ngazini pamoja na mtoto Shirley Temple mwaka 1935 katika The Little Colonel. Lakini humo alikuwa mtumishi wa nyumba. Ndugu Nicholas waliingia wakiwa mabwana.

Kasoro ipo. Kule kutanua miguu kunatia mshangao mkubwa hata mtazamaji husahau mapigo madogo madogo yaliyo mazuri zaidi. Lakini kosa hili nawapa kwa sehemu ndogo tu. Mtu aliyepewa dakika chache, na hakupewa neno la kusema, atafanya nini ila kushangaza?

MKASI

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Katika sinema zao nyingi za watu mchanganyiko, kama Down Argentine Way ya mwaka 1940, ndugu hawa walitokea, wakacheza, wakatoweka. Hawakuwa na mke, wala rafiki, wala shida, wala sehemu katika hadithi. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Katika miji ya kusini mwa Marekani wazungu wengi hawakutaka kuwaona watu weusi wakiheshimiwa, kwa hiyo mchezo wao uliwekwa namna ambayo mwenye sinema aweza kuukata kwa mkasi, hadithi isipungukiwe na kitu. Mahali pengine watu walipiga makelele mpaka kipande chao kirudishwe nyuma na kuonyeshwa tena. Mahali pengine hakikuonekana kabisa.

Mwaka 1948 kampuni ya MGM iliwaruhusu kucheza bega kwa bega na mzungu Gene Kelly katika The Pirate. Kumbe wimbo waliopewa ulikuwa wa kumhimiza mtu awe mchekeshaji! Hata hivyo miji mingine ya kusini ilikata. Baadaye wakaenda kutafuta kazi Ulaya.

Kampuni hiyohiyo ya MGM ilikuja huku kwetu. Sinema yake King Solomon's Mines, iliyotoka mwaka 1950, ilipigwa picha katika Afrika ya Mashariki, Kongo na Rwanda, na intore wa Nyanza walicheza humo katika siku za Mwami Mutara Rudahigwa. Ngoma yao ni fahari ya macho. Lakini hadithi ni ya wazungu watatu wanaomtafuta mtu aliyepotea. Ngoma ni pambo la safari yao. Harlem na Nyanza ziko mbali sana, lakini jicho lililozitazama lilikuwa moja.

Wengine watasema: walilipwa, wanalalamika nini? Ni kweli, mshahara ni haki. Lakini Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba ni aibu kumtumia mtu kama chombo cha kuleta faida tu. Naye Mtakatifu Paulo aliwaeleza Wakorinto kwamba kichwa hakiwezi kuiambia miguu kuwa haina kazi. Sinema ilifanya kinyume cha ajabu: iliisifu miguu, ikakiambia kichwa, siku hitaji.

NA SISI JE?

Tusiwahukumu watu wa Hollywood peke yao. Kanisa letu limeheshimu ngoma: tangu mwaka 1988 tuna Misa kwa taratibu ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma, nasi twacheza mbele ya altare wakati wa Utukufu. Lakini mahali pengi mgeni mkubwa akija, wacheza ngoma husimama juani tangu asubuhi. Wakimaliza, watu wa heshima huingia kula, nao huambiwa waende. Sherehe yasimuliwa mwezi mzima, jina la mchezaji halitajwi. Je, huo si mkasi?

Tena katika nchi yetu hii iliyochoshwa na vita, wapo wanaomtazama kijana wakaona mikono tu ya kushika bunduki, au mabega tu ya kubeba mizigo. Anayezoea kupenda kiungo na kumsahau mtu katika mambo ya furaha, atashindwaje kufanya hivyo katika mambo ya kifo?

Ndugu Nicholas waliishi mpaka kuona malipo ya heshima. Mwaka 1991 walitunzwa huko Washington pamoja na wakuu wa michezo ya nchi yao, nao walikuwa wazee. Harold alifariki mwaka 2000, Fayard mwaka 2006. Heshima ilikuja, lakini ilichelewa miaka zaidi ya 40, na sehemu walizonyimwa katika sinema hazitaonekana kamwe.

Basi, ninyi wazazi na waongozi wa jumuiya, msiwanyang'anye vijana kipande kile cha ngazi. Kitazameni pamoja nao, mwaambie majina ya wale wawili na habari zao. Na sikukuu ya parokia ijapo, wekeni sahani za wacheza ngoma pamoja na za wageni.