MASHAIRI DARASANI: KUSHIKA KWA KICHWA TU, AO KUULIZA?

Kitabu cha Padri Alexis Kagame wa Rwanda juu ya mashairi ya wafalme, «La poésie dynastique au Rwanda», kilichapwa Brussels mwaka wa 1951. Wengi wamekisifu kwa sababu ya mashairi mengi kiliyoyaokoa. Sisi twapenda kukitazama kwa upande mwingine: chaweza kuwafundisha nini walimu wa shule na seminari zetu?

Tuangalie kwanza mwanzo wa kazi ile. Kagame alipewa upadri mwaka wa 1941, lakini alianza kukusanya mashairi mwaka wa 1936, alipokuwa angali mseminari. Aliwaendea wazee walioyashika kwa kichwa, akasikiliza, akauliza, akaandika. Hapa Kongo vilevile, Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka wa 1917, alikuwa angali mwanafunzi makala yake juu ya fikara za Wabantu yalipotokea, mwaka wa 1910 na 1911. Basi, mwanafunzi mwenye kuuliza si mgeni kwetu.

Tena Kagame hakutia mashairi yote katika chungu kimoja. Aonyesha aina tatu: ikobyo, lisilo na kiitikio, ibyanzu, lenye kugawanywa na kiitikio, na impakanizi, lenye kufuata wafalme mmoja mmoja. Majina hayo hakuyaazima Ulaya; ni ya Kinyarwanda.

Kitabu kina upungufu pia. Sauti isikikayo ni ya baraza la mfalme, mkulima hasemi. Na Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka wa 1962, alipinga hesabu ya Kagame juu ya miaka ya wafalme wa kale. Kwa hiyo, kumwuliza mzee hakutoshi. Jibu lake nalo lapashwa kupimwa.

Sasa tuingie darasani. Mara nyingi shairi lingali somo la kukariri tu: mtoto asimama, asema mistari, apata pointi, aketi. Hatudharau kushika kwa kichwa. Bila wenye kukumbuka, Kagame angekusanya nini? Lakini kukumbuka ni ghala, na ghala isiyofunguliwa hailishi mtu.

Twapendekeza njia nyepesi. Mwalimu asome shairi mara mbili, kiisha anyamaze. Wanafunzi waandike maulizo yao wenyewe, wayagawanye mafungu matatu: yanayojibiwa na shairi lenyewe, yanayojibiwa na kamusi, na yanayohitaji mzee. Haya ya mwisho waende nayo nyumbani, warudi na jibu pamoja na jina la aliyelitoa. Wawili wakileta majibu yasiyopatana, hapo ndipo somo laanza.

Watu watasema: saa ni chache, na Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka wa 1967, unangoja. Ni kweli. Lakini shairi moja lililochunguzwa kwa muhula mmoja lafaa kuliko kumi yaliyosahauliwa kabla ya likizo.

Kwa seminari jambo hili ni zito zaidi. Zaburi zote 150 ni mashairi. Mseminari asiyezoea kuuliza mbele ya shairi atazisali miaka arobaini bila kuziuliza neno, na mahubiri yake yatakuwa kukariri vilevile. Wakristu watayasikia, wataitikia Amina, na watarudi nyumbani na njaa yao.