Rosa Mistika na Kijana Aendaye Chuoni

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yatokapo, nyumba nyingi za Wakristo hapa Bariadi huketi barazani. Baba huhesabu ng'ombe na fedha ya pamba, mama huogopa mambo ya mjini, mjomba hutaja kazi yenye mshahara mkubwa. Kijana mwenyewe hukaa kimya, wala hapana amwulizaye. Kwa ajili ya mabaraza hayo twapenda kueleza habari za kitabu ambacho wazazi wengi hukiogopa, nacho ni Rosa Mistika.

Mtungaji wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika ziwa letu hili. Alisoma Seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu kilichapwa mwaka 1971, nacho kilikatazwa mashuleni kwa muda, kwa kuwa chataja uasherati waziwazi. Mtungaji alifariki mwaka 2020, lakini swali lake lingali hai.

Habari yenyewe ni hii. Rosa alikuwa binti wa Zakaria, baba mlevi tena mkali. Zakaria alipoiona barua ambayo kijana Charles alimwandikia bintiye, alimpiga vibaya na kumwaibisha. Tangu siku ile Rosa akawaogopa wanaume. Akaenda shule ya wasichana Mwanza, halafu chuo cha ualimu Morogoro. Huko fimbo ya baba haikumfikia, naye hakuwa na kitu kingine cha kumwongoza. Akapotea, na mwisho akajiua.

Wako wasomao haya wakasema, "Tazameni, chuo huharibu mabinti, afadhali wakae nyumbani." Sisi twaona wamesoma upesi mno. Anguko la Rosa halikuanza Morogoro, lilianza nyumbani. Mtungaji ametuonyesha hayo kwa ustadi, maana kabla ya kutupeleka shuleni ametukalisha kwanza katika nyumba ya Zakaria. Humo twaona binti anayetii kwa hofu tu, asiyefundishwa kupima mema na mabaya kwa akili yake. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja.

Hata hivyo twakilaumu kitabu kwa jambo moja. Mapigo yamwangukia Rosa mfululizo, kana kwamba mlango wa toba umefungwa. Sisi tuijuao habari ya mwana mpotevu hatuwezi kunyamaza hapa. Kijana asikifunge kitabu hiki akidhani kwamba aliyekosa hana tena njia ya kurudi kwao.

Na sisi walimu tusijione wema kuliko Zakaria. Mwaka mmoja tulimchagulia mwanafunzi wetu vyuo vyote, tukajisifu kwamba tumemsaidia. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha alirudi nyumbani. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa adabu kwamba kazi ile hakuipenda tangu mwanzo, bali hakuulizwa. Jibu lile latuuma mpaka leo, wala hatukupiga fimbo hata moja.

Basi wazazi wakisome kitabu hiki wao kwanza, kisha wampe kijana wao, wazungumze naye. Wamwulize: Wapenda kazi gani, na kwa nini? Wajua kwamba mkopo wa Serikali ni deni, nawe utalilipa ukiisha kupata mshahara? Utasali pamoja na nani huko? Ukikosea, utamwambia nani? Tena wakiisha kuuliza, wangoje jibu. Mwaka mmoja kabla hajaondoka, wampe shamba dogo la pamba, auze mwenyewe, atunze fedha mwenyewe; akipoteza kidogo, apotezee karibu na mama yake.

Zakaria hakumwuliza Rosa neno lo lote. Sisi tungali na nafasi ya kuuliza.